Nimejitolea miaka tisa. Sasa pesa zimekuja, na rafiki yangu anataka kuondoka

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38. Kwa miaka tisa nimekuwa mmoja wa watunzaji wa programu huria ya maktaba. Inaorodhesha vitabu, inaandika nani kaazima nini, inamkumbusha aliyechelewa kurudisha. Tuliianza watu wawili, mimi na rafiki yangu ambaye nitamwita M., kwa sababu maktaba tuliyokuwa tunajitolea ilikuwa na daftari moja lililochanika, na programu za kununua zilikuwa ghali kuliko vitabu vyenyewe. Tulipoona inafanya kazi tukaiweka mtandaoni kwa leseni huria: yeyote aichukue, aone ilivyoandikwa, aibadilishe, awape na wengine. Leo inatumika katika maktaba nyingi kuliko tunazozijua. Wachangiaji wa kudumu tumefika 14, katika nchi saba.

Miaka yote hiyo hakuna aliyelipwa. Tulikuwa tunalisema hilo kwa fahari.

Miezi minne iliyopita mfuko mmoja ulikubali ombi letu la ufadhili, ombi ambalo kusema kweli tuliliandika bila kutarajia kitu. Pesa zilizokuja zinatosha kumlipa mtu mmoja mwenye ujuzi kwa miezi 12, au watu kadhaa kwa saa chache kila wiki. Kwa kuwa sisi hatujasajiliwa, zimeshikwa na asasi inayotunza fedha za miradi kama wetu. Kamati ya watu watatu inatakiwa kuleta pendekezo la matumizi mwishoni mwa mwezi ujao: mimi, M., na mwenzetu wa tatu ambaye kampuni yake inaitumia programu hii na humwachia siku mbili kwa wiki aifanyie kazi.

Shida ikaanzia hapo. M. ametuambia kwamba siku mtu wa kwanza atakapolipwa ndiyo itakuwa siku yake ya mwisho. Anasema programu huria si biashara, na kwamba pesa zikishaingia kila mtu ataanza kuuliza "mimi nimepata kiasi gani" badala ya "nini kimeharibika". Anataka zote ziende kwenye seva na kwenye mkutano mmoja wa kutukutanisha ana kwa ana.

Kisha kuna R., kijana aliyeandika karibu mwongozo wote wa matumizi, aliyetafsiri programu katika lugha mbili, na ndiye anayewajibu watu wanaokwama. Aliona rasimu yangu ya kwanza, akaniandikia: "Dada, nimeona majina ya wanaoandika msimbo. Sisi wengine tumo wapi?" Zimepita wiki tatu sijamjibu.

Na kuna mimi. Naishi kwa vibarua vya kuandika programu, mwezi huu ipo kazi, mwezi ujao haipo. Mwaka jana, Ijumaa jioni, ilikuja barua pepe ya faragha: mtu amegundua kwamba kupitia sehemu ya kupakia orodha ya vitabu, mjanja angeweza kusoma kumbukumbu za waazimaji wote. Majina, anwani, na kila kitabu walichowahi kusoma. Nilikaa kitini mpaka Jumatatu alfajiri. Ilibidi nijaribu marekebisho kwenye matoleo matano ya nyuma, maana kuna maktaba ambazo hazijasasisha kwa miaka. Mwisho wa yote, marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili. Mistari miwili, Shangazi. Kazi niliyomwahidi mteja wangu kwa Jumatatu hiyo haikuwa tayari, naye akahamia kwa mtu mwingine. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye mazungumzo yetu: "Siku tatu, mistari miwili tu?" Nadhani alikuwa anatania. Nilifunga kompyuta nikalia.

Baada ya hapo nilianza kuandika saa zangu kwenye daftari. Mwezi wa kwanza zilifika 61. Mume wangu alilikuta mezani akauliza, "Hizi ni saa za kazi gani?" Nikalifunika, nikabadilisha mazungumzo. Niliona haya kama mtu aliyekutwa anahesabu sadaka aliyokwisha kuitoa.

Nimeandika pendekezo lenye jina langu, nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta tena. Je, ni haki kuomba malipo kwa kitu nilichokitoa kwa moyo? Nitakuwa nimekiua tulichokijenga? Nimchague rafiki yangu au nijichague mimi? Na R. nimwambie nini?

Anayehesabu kwa siri

*

Marahaba mwanangu.

Pole kwanza kwa zile siku tatu. Sikuona popote katika barua yako mtu aliyekwambia pole, kwa hiyo naanza nayo.

Unauliza pesa zigawanywe vipi. Lakini pesa zenyewe zimechukua aya moja tu ya barua yako. Nafasi iliyobaki ni ya M., ya R., na ya daftari lililofunikwa mezani. Naona una swali la mgao, na chini yake kuna la zamani zaidi: kwa miaka tisa nani amekuwa akibeba nini, na kwa nini hamjawahi kuliongea. Ufadhili umelifunua tu. Hata pesa zingekataliwa kesho, R. angeendelea kujiuliza yumo wapi, na wewe ungeendelea kuhesabu.

Nianze na hiyo aibu ya kuhesabu, maana nadhani ndiyo inayokufanya ufute pendekezo kila ukiliandika. Lugha yetu ina neno zito, kujitolea: mtu anatoa nafsi yake. Anayetoa nafsi yake ana haki ya kujua ametoa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Kuhesabu hakuifuti sadaka. Ungekuwa unahesabu ili umsimange mtu, hapo tungeongea mengine. Wewe ulianza kuhesabu kwa sababu mteja ameondoka na mtu amekuuliza kwa nini mistari miwili imechukua siku tatu. Ulitafuta ushahidi kwamba hukuwa umelala.

Sasa niruhusu niguse jambo moja mnalolisema kwa fahari, kwamba hakuna aliyelipwa. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mwenzenu wa tatu anaachiwa siku mbili kila wiki na kampuni yake, na mshahara wake hauguswi. Huyo analipwa, na sidhani kama kuna ubaya, wala hujasema kwamba kuwepo kwake kumewaharibu. Kuhusu M. hujaniambia anaishi kwa nini. Ana ajira ya kudumu? Ana mwenza anayebeba nyumba? Muda wa kujitolea siku zote kuna anayeulipia, awe mwajiri, mwenza, akiba ya mtu au usingizi wake. Wa kwako umelipiwa na mteja aliyeondoka. Kwa hiyo mkikaa kikao, mtakuwa mnaamua nani aendelee kugharimia kazi hii, na kwa mfuko upi. Hilo ni swali tofauti na lile la kuanza kulipana au kutoanza, na nadhani linaongeleka kwa utulivu zaidi.

Kuhusu msimamo wa M., ningependa mtenganishe kanuni na hofu, maana amezifunga pamoja. Kwenye kanuni, historia ya programu huria haiko upande wake kama anavyodhani. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alitangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuandika mfumo huru wa kuendeshea kompyuta, na mwaka 1985 alikuwa akijikimu kwa kuuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 kila moja. Yeyote aliyeipata kanda aliruhusiwa kuinakili na kuigawa. Waingereza na Wamarekani wamehangaika miaka mingi kueleza hilo kwa sababu wana neno moja, "free", kwa mambo mawili. Sisi tuna huru na tuna bure, na hatuna sababu ya kuyachanganya. Programu yenu itabaki huru hata kama aliyeirekebisha amelipwa. Leseni haimuulizi mtu kama alilala njaa alipokuwa anaandika.

Ila hofu yake ina mifano, na ningekuwa nakudanganya nikisema ni ukaidi tu. Debian ni mfumo wa kuendeshea kompyuta uliojengwa na watu wa kujitolea tangu 1993. Mwaka 2006 baadhi ya wanachama, kiongozi wa mradi akiwa mmoja wao, walianzisha mpango ulioitwa Dunc-Tank, wa kuchangisha pesa ili wasimamizi wawili wa toleo jipya wafanye kazi hiyo muda wote, kila mmoja kwa mwezi, toleo lipate kutoka Desemba. Ulizuka ugomvi mkubwa. Wapo waliosema wazi kwamba ikiwa wawili wanalipwa, wao watapunguza wanachokifanya bure. Toleo lilitoka Aprili 2007. Sisemi malipo ndiyo yaliyolichelewesha, matoleo yao yalikuwa na mazoea ya kuchelewa. Ninachokuonyesha ni kwamba uchungu aliouona M. kichwani mwake umewahi kuwapata watu wazima, wenye nia njema, wanaoipenda kazi yao.

Lakini fuata habari hiyohiyo mpaka mbele. Debian ipo mpaka leo. Na tangu 2014 kuna wachangiaji wake wanaolipwa, kwa fedha za makampuni yanayofadhili, kuweka viraka vya usalama kwenye matoleo ya zamani. Yaani kazi ileile iliyokukalisha kitini Ijumaa hadi Jumatatu. Nilipolisoma hilo nilikukumbuka. Kuandika kitu kipya kuna utamu wake, na mtu huweza kukiandika usiku kwa mapenzi tu. Kurudi kwenye matoleo matano yaliyozeeka kuyaziba tundu moja moja hakuna utamu wowote, na huenda ndiyo maana pale malipo yamekalika kwa miaka bila kuvunja nyumba. Fikirini kama kwenu kuna mpaka wa namna hiyo, kati ya kazi zinazofanywa kwa hamu na kazi ambazo kila mtu anangoja mwingine azifanye. M. mwenyewe anaweza kuuona mpaka huo vizuri kuliko mimi.

Na njia anayoitaka yeye, ya kutomlipa mtu yeyote, nayo ina gharama; isionekane kama ndiyo njia salama na nyingine zote ndizo za hatari. Aprili 2014 lilipofichuka tundu la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ulimwengu uligundua kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Karibu zaidi na wewe ni kisa cha xz, programu ya kubana mafaili. Aliyeitunza kwa miaka alikwisha kusema hadharani, mwaka 2022, kwamba afya ya akili imempunguzia nguvu na kwamba ile ni kazi asiyolipwa. Watu wakamsukuma akabidhi. Akajitokeza msaidizi mpole, mchapakazi, akapewa funguo, na Machi 2024 ikagundulika kwamba msaidizi huyo ameingiza mlango wa siri. Sikutishi. Nakuomba tu usiuone uchovu wako kama jambo lako binafsi. Waazimaji ambao majina yao uliyalinda wikiendi ile wanategemea mtu ambaye hajachoka kiasi cha kutaka kukabidhi kwa yeyote.

Tuje kwako. Unaweza kuomba ulipwe, na ukiomba, kuna jambo moja la kulitazama kwa makini: wewe ni mjumbe wa kamati. Huwezi kuwa mwombaji na mwamuzi katika kikao kimoja, hata ukiwa mwadilifu namna gani, maana wengine hawataweza kuuona uadilifu huo kwa macho. Baadhi ya miradi humtoa mjumbe nje jambo lake linapojadiliwa. Mingine huomba wachangiaji ambao hawako kwenye kamati, au asasi inayoshika fedha, wapitie sehemu hiyo. Hiyo asasi yenu huenda ina utaratibu wake tayari, waulizeni mapema, pamoja na masuala ya mkataba na kodi ambayo kila mmoja wenu atakutana nayo kwa sheria za alipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenu ninyi hata urafiki unaweza kupotea hivyohivyo.

Na kabla hujaomba, jiulize unaomba nini hasa. Kuna kifuta jasho, na kuna ujira. Kifuta jasho ni cha kilichopita, mtu anaambiwa tumeona, ahsante. Ujira ni wa kazi inayokuja, una saa zake, una mambo yaliyoandikwa, una tarehe ya kuisha. Nikisoma barua yako nahisi moyo wako unataka cha kwanza na rasimu yako inaomba cha pili. Miaka tisa haitalipika, mwanangu. Hakuna ufadhili unaoweza kuirudisha, na mkijaribu kuipima, kila mmoja wa wale 14 ataleta miaka yake mezani, na hapo ndipo utabiri wa M. utatimia. Ukiomba ujira, kwa mfano saa kadhaa kila wiki za usalama na za matoleo ya zamani kwa miezi 12, unaweza kuueleza bila kumgusa mtu. Ila hautaiponya ile Jumatatu. Ile inahitaji kitu kingine, na huenda ni M. kukwambia kwamba anajua ulichofanya. Je, anajua? Ulimwambia kuhusu mteja?

Kuna hatari nyingine ambayo sijaona ukiitaja, mwezi wa 13. Pesa zikiisha, mtu aliyezoea kulipwa atarudi kujitolea kwa moyo uleule? Wengine hurudi, wengine huondoka kimya. Ukiacha vibarua vyako vyote kwa ajili ya mwaka huo mmoja, utavipata tena? Baadhi ya miradi imejenga vyanzo vya watoaji wengi wadogo badala ya mfadhili mmoja. Blender, programu ya kutengeneza picha za pande tatu, ilipata uhuru wake mwaka 2002 kwa kuchangisha euro 100,000 katika wiki saba, na leo ina mfuko wa michango unaolipa wanaoiandika. Lakini Blender ina watumiaji wenye kujivunia kuitumia na kuionyesha. Maktaba ndogo hazina pesa za kutoa, na kuchangisha nako ni kazi, itamwangukia mtu. Msiamue kuhusu miezi 12 bila kuitazama angalau kidogo ile inayofuata.

Iwapo mtalipa zaidi ya mmoja, litakuja swali la kiwango, kwa kuwa mko nchi saba. Hapa wenye nia njema hawakubaliani. Google Summer of Code, inayowalipa chipukizi wanaochangia miradi huria tangu 2005, hupanga malipo kulingana na gharama za maisha za nchi ya mtu. Outreachy, inayofanya kazi inayofanana na hiyo kwa watu waliotengwa katika fani hii, imekuwa ikitoa dola 7,000 zilezile popote mtu alipo. Ukifuata njia ya kwanza, pesa zinafika mbali zaidi, na kuna mtu atakayejua kwamba saa yake imehesabiwa kuwa ndogo kwa sababu ya alikozaliwa. Ukifuata ya pili, saa ni saa, na kwa mmoja zitakuwa utajiri na kwa mwingine hazitalipa hata pango. Mimi moyo wangu huegemea saa kuwa saa. Lakini mimi siishi katika hizo nchi saba, na wanaoishi humo hamjawauliza bado.

R. nimemwacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu kwake ndiko unakoweza kufanya kitu leo, kabla ya kikao chochote. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu aliyeuliza yumo wapi. Kunyamaza nako anakusoma kama jibu. Naelewa kwa nini hujajibu, hutaki kumwahidi pesa ambazo huna mamlaka nazo. Lakini hakuuliza kiasi. Usimjibu kwa bajeti. Mwambie ukweli, kwamba ulipoandika rasimu uliwaza msimbo, na kwamba ulimsahau, na kwamba ulipoisoma barua yake uliona aibu. Kisha mketi mwandike pamoja kile anachokifanya, saa kwa saa, kama ulivyoandika cha kwako. Mkutubi aliye peke yake na kompyuta moja haoni msimbo wenu kabisa. Anauona mwongozo wa R., na akikwama anakutana na jibu la R. Kwake yeye, R. ndiye programu. Huenda mwishoni R. asilipwe, ikiwa sharti la mfadhili ni finyu. Kasomeni upya hiyo barua ya ufadhili, maana "kuimarisha programu" ni maneno mapana, na mwongozo unaoeleweka unaweza kuingia humo. Ila asikie kutoka kwako kwanza, si kwenye orodha.

M. naye umtafute mkiwa wawili, si kikaoni. Sijamsikia yeye, nimesikia anavyoonekana kutoka upande wako, na hiyo ni nusu ya mtu. Inawezekana anaamini anachokisema neno kwa neno. Inawezekana pia anaogopa kwamba ukishakuwa na mkataba, wewe ndiye utakuwa mradi na yeye atakuwa mgeni anayekuja Jumamosi. Inawezekana amechoka kama wewe, ila uchovu wake umechukua sura ya msimamo. Muulize anaogopa kupoteza nini. Umwache amalize. Ukisikiliza na bado akaondoka, itauma sana, na haitakuwa kwa sababu ulimsaliti. Ukimbakiza kwa kujifuta wewe kwenye pendekezo mara ya tatu, angalau ajue bei ya kubaki kwake, kwa sababu sidhani kama anaijua. Uliandika kwamba unatakiwa kumchagua rafiki au kujichagua. Mimi bado sioni kama mmefika hapo. Naona watu wawili walioanza na daftari moja lililochanika, ambao hawajaulizana "unaishije" kwa muda mrefu.

Una mwezi na kidogo. Zipo wiki nne ndani yake. Unaweza kuwaomba wote 14 waandike saa zao kwa wiki hizo, wa msimbo na wa tafsiri, anayelipwa na kampuni na M. pia, bila kuahidi malipo yoyote, ili siku ya kikao muwe mnazungumza juu ya kazi mnayoiona. Wapo watakaokataa, na ni haki yao. Wapo watakaoshangaa kwa udogo wa saa zao, na wengine kwa wingi wake. Ukifanya hivyo, daftari lako halitakuwa peke yake tena.

Na mumeo mwonyeshe hilo daftari. Alikuuliza swali zuri siku ile mezani, na bado hajajibiwa.

Shangazi yako